Nina leseni, lakini baba hanipi barabara

Mjomba, shikamoo.

Nina miaka 19 na ni mtoto wa kwanza kwetu. Miezi miwili iliyopita nilifanya mtihani wa udereva na kufaulu mara ya kwanza. Nilirudi nyumbani leseni iko mkononi, sikuitia hata mfukoni. Mama alinikumbatia. Baba aliichukua, akaisoma mbele, akaigeuza akaisoma nyuma, akanirudishia. Halafu akasema, "Hongera. Sasa sikiliza masharti."

Masharti yenyewe ni haya: nisiendeshe jua likishazama, nisipakie rafiki hata mmoja, na nisiingie barabara kuu bila yeye kuwa ameketi pembeni yangu. Nilipomuuliza mpaka lini, alijibu, "Mpaka nitakaposema." Nilipomuuliza kwa nini, akasema yeye ndiye mwenye gari. Mazungumzo yakaishia hapo.

Mjomba, leseni yangu haina sharti hata moja. Imeandikwa jina langu kama ilivyoandikwa ya kwake jina lake. Rafiki yangu tuliyesoma naye udereva darasa moja anakwenda popote saa yoyote, na kila tukikutana ananiuliza kama nimeshapata ruhusa ya kuvuka geti. Halafu baba mwenyewe huendesha kwa mkono mmoja, simu iko sikioni, na hakuna anayempa masharti.

Kinachoniuma zaidi ni mama. Siku tatu kwa wiki anatoka kazini saa 3 usiku. Baba akichelewa, mama anasimama nje peke yake akisubiri usafiri, na gari la nyumbani limeegeshwa, na mimi nimekaa na leseni yangu nikitazama televisheni. Nikisema nimfuate, jibu ni lile lile, ni usiku.

Nikueleze na jambo jingine ili uone kwamba mimi si mtu wa kubahatisha. Mwezi uliopita baba alisafiri siku mbili. Wenzangu walikuwa wanakwenda kwenye mahafali ya rafiki yetu, nikachukua gari, tukawa wanne. Wakati wa kurudi, kama saa 4 usiku, tulikuwa barabara kuu nyuma ya lori lililokuwa linajikokota. Waliokaa nyuma wakaanza, "Ovateki huyo! Ovateki!" Nikatoka kulipita. Mbele niliona taa, nikadhani ziko mbali. Hazikuwa mbali. Nilirudi nyuma ya lori kwa shida, tairi za pembeni zikatoka kwenye lami, nikavuta usukani, gari likatulia. Tulicheka njia nzima hadi nyumbani. Hakuna aliyeumia, gari halikupata hata mkwaruzo, na baba hajui. Nakutajia tu ili ujue kwamba hata jambo likitokea, naweza kulimudu.

Nimwambieje baba aelewe kwamba mimi si mtoto tena?

Mwenye Leseni

Marahaba, mpwa wangu, na hongera kwa kufaulu. Nasema hongera kwa dhati, kwa sababu najua watu wazima wanaoukwepa mtihani huo hadi leo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale kwenye lori. Wewe umeliweka mwishoni kama nyongeza. Mimi naona barua nzima imo humo, na naomba uniruhusu nianzie hapo kabla sijafika kwa baba.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme ulikuwa kwenye kilomita 80 kwa saa, na yule aliyekuwa anakuja naye hivyo hivyo. Maana yake mlikuwa mnakaribiana kwa mita 44 kila sekunde. Kulipita lori refu kwa gari la kawaida lililojaa watu wanne kunaweza kuchukua sekunde 10. Katika sekunde 10 hizo, barabara iliyokuwa kati yenu inapungua kwa zaidi ya mita 440. Na usiku huoni gari, unaona nukta mbili za mwanga. Nukta mbili hazikuambii ziko umbali gani, wala zinakuja kwa kasi gani, mpaka zikaribie kiasi kwamba jibu halikusaidii tena. Dereva wa miaka mingi naye hazioni vizuri kuliko wewe. Tofauti yake ni kwamba ameshadanganywa nazo mara nyingi, kwa hiyo anakaa nyuma ya lori.

Unasema gari lilitulia. Tairi za upande mmoja zikitoka kwenye lami, dereva mgeni hufanya ulichofanya: anavuta usukani kwa nguvu kulirudisha. Tairi zikiukamata ukingo wa lami kwa ghafla, gari huruka kwenda upande wa pili, mara nyingi kwenye njia ya wanaokuja, au hupinduka pale pale. Lako halikupinduka. Nimefurahi mno, na nimekaa kimya kidogo baada ya kuliandika hilo. Lakini huko hakukuwa kulimudu. Ungelitakiwa kushika usukani ukiwa umenyooka, uachie mafuta, gari lipunguze mwendo lenyewe, halafu ulirudishe taratibu. Hukujua, na sikulaumu kwa kutojua, maana hayo si mambo ya siku ya mtihani.

Kicheko chenu nacho nakijua. Ni cha watu walioogopa sana, na kila mmoja hataki kuwa wa kwanza kusema.

Sasa rudi kwenye masharti ya baba yako: usiku, marafiki, barabara kuu. Yote matatu uliyavunja kwa pamoja katika safari moja, na safari hiyo moja nusura iwe ya mwisho kwa watu wanne, bila kuwahesabu waliokuwa kwenye gari la mbele. Sidhani kama baba yako amesoma utafiti wowote. Lakini masharti yake yanafanana sana na sheria ambazo watu waliopoteza usingizi juu ya jambo hili wamezitunga sehemu mbalimbali duniani. Zinaitwa leseni za hatua kwa hatua. Katika miaka ya 1970 mtafiti mmoja wa Marekani, Patricia Waller, alitoa hoja kwamba udereva haufai kutolewa kwa mkupuo. Kijana aanze kwenye mazingira mepesi, akizoea aongezewe magumu, kidogo kidogo, mpaka apewe barabara yote. New Zealand ndiyo nchi iliyotangulia kuifanya hoja hiyo kuwa sheria, mwaka 1987. Kijana wa huko alianza na leseni ya kujifunzia, lazima mtu mwenye leseni kamili awe pembeni. Kisha akapewa leseni yenye mipaka: peke yake mchana sawa, lakini kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri asiendeshe bila msimamizi, na abiria vivyo hivyo. Leseni kamili ilikuja baadaye. Ontario na Nova Scotia kule Kanada zikafuata mwaka 1994, Florida mwaka 1996, na leo majimbo yote ya Marekani yana utaratibu huo kwa namna moja au nyingine. Penye utaratibu huo, ajali za madereva wachanga zimepungua, na hasa penye sharti la usiku na la abiria.

Kwa hiyo mahali pengine duniani, kijana wa umri wako aliyefaulu mtihani ule ule angepewa leseni yenye masharti ya baba yako yamechapishwa juu yake. Usingeyaona kuwa matusi. Ungeyaona kuwa hatua.

Nataka uelewe kwa nini, maana baba hakukueleza, na sharti lisiloelezwa hugeuka kuwa chuki.

Dereva anayejifunza, akiwa na mwalimu pembeni, ni miongoni mwa madereva wanaopata ajali chache kabisa. Siku mwalimu anaposhuka, mambo hubadilika mara moja. Miezi ya kwanza ya kuendesha peke yako ndiyo yenye hatari kuliko miezi yote utakayoendesha maishani, kisha hatari inashuka kwa kasi kadiri miezi inavyopita. Wewe uko mwezi wa pili. Kijana yule yule, gari lile lile, mikono ile ile iliyofaulu mtihani. Kilichopungua ni macho mawili ya mtu mzoefu yaliyokuwa yanaona mbele zaidi ya yako. Watafiti waliofuatilia macho ya madereva wageni wamekuta kwamba hutazama karibu mno na boneti, huvitazama vioo mara chache, na hukaza macho sehemu moja. Mzoefu yeye anazungusha macho: mbali, karibu, kioo, mtoto anayekimbiza mpira, gari lililoegeshwa ambalo mlango wake unaweza kufunguka. Hakuna anayefundishwa hilo kwa mdomo likaingia. Linaingia kwa saa nyingi za kuketi usukanini.

Kufaulu mara ya kwanza hakubadilishi jambo hili, na nisamehe kwa kukunyang'anya kidogo furaha yako. Mtihani unapima kama unalijua gari. Barabara usiku wa manane haikupimi hilo.

Na usidhani mafunzo ya ujanja zaidi yangekuokoa. Norway iliwahi kuweka somo la lazima la kuendesha kwenye utelezi kwa madereva wapya, mwishoni mwa miaka ya 1970. Vijana wa kiume waliolipitia wakapata ajali nyingi zaidi kwenye utelezi kuliko waliotangulia. Walikuwa wametoka darasani wakiamini, kwa maneno yako mwenyewe, kwamba hata jambo likitokea wanaweza kulimudu. Kwa hiyo wakaongeza mwendo.

Sasa marafiki. Najua hapa ndipo utakaponikasirikia, kwa sababu inaonekana kama nawasingizia wenzako. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti katika jarida la tiba la JAMA kuhusu madereva wa miaka 16 na 17 huko Marekani. Kila abiria alipoongezeka, hatari ya dereva kufa iliongezeka naye. Walipokuwa abiria watatu au zaidi, hatari ilikuwa kama mara tatu ya kuendesha peke yake. Wewe una 19, umewapita kidogo, lakini abiria wako walikuwa watatu hasa. Na ukitaka kujua kinachotokea kichwani, miaka mitano baadaye watafiti Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwachezesha watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine peke yao, wengine mbele ya wenzao wa rika moja. Watu wazima walicheza vile vile katika hali zote mbili. Vijana, wakiwamo wa miaka 18 hadi 22, walibahatisha zaidi walipotazamwa. Hawakuwa wamelazimishwa, walitazamwa tu.

Wewe ulipigiwa kelele. Jiulize, na ujijibu mwenyewe bila mimi kusikia: ungekuwa peke yako usiku ule, ungelipita lile lori?

Nina jambo langu la kukuambia ambalo huwa silisemi kwenye safu hii. Rafiki yangu wa ujanani alifariki akiwa kiti cha nyuma, bila mkanda, katika gari lililokuwa likiendeshwa na mwenzetu mwingine wa miaka 20. Tulikuwa tunatoka shughulini, magari mawili, mimi nikiwa kwenye la nyuma. Dereva yule hakuwa amekunywa. Hakuwa mkorofi. Alikuwa mpole kuliko sisi wote, na alikuwa ameambiwa aongeze mwendo, nasi wa gari la nyuma tukampigia honi. Yuko hai hadi leo, amepita miaka 50, na hajawahi kushika usukani tena. Nami ile honi naisikia bado.

Ndiyo maana nimekwama kwenye lori lako, mpwa wangu.

Baada ya kusema hayo yote, nakupa na haki yako, kwa maana unayo. "Mpaka nitakaposema" si hatua. Hatua ina mwanzo na ina mwisho unaoonekana. Kijana wa New South Wales, Australia, aliye chini ya miaka 25, anajua kwamba atajaza daftari la saa 120 za kuendesha akiwa na msimamizi, 20 kati ya hizo za usiku, ndipo afanye mtihani wa kuendesha. Anajua kwamba akifaulu atabandika herufi P nyekundu kwa angalau mwaka mmoja, asizidishe kilomita 90 kwa saa, asiguse pombe kabisa, na kuanzia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri asibebe zaidi ya mtu mmoja aliye chini ya miaka 21. Baada ya hapo P ya kijani, miaka miwili, kisha leseni kamili. Ni safari ndefu, lakini kila kituo kina jina. Wewe umewekwa kituoni bila kuambiwa basi linakuja lini. Hapo una haki ya kulalamika, na hapo nitakuunga mkono mbele ya baba yako.

Kwa kuwa wewe ni mpwa wangu, baba yako ni shemeji yangu, basi niseme naye kidogo. Mpe asome.

Shemeji, masharti yako ni mazuri, na kijana wako yu hai leo kwa bahati tu, kama atakavyokueleza mwenyewe. Lakini kumkataza usiku hakumfundishi usiku. Siku utakayomfungulia, atakuwa mgeni wa giza kama alivyo leo, na wewe hutakuwa pembeni. Jiulize, tangu apate leseni, mmeketi saa ngapi pamoja, yeye usukanini, wewe kiti cha abiria? Kama hazifiki kumi, bado hujaanza. Na ile simu, shemeji, iweke chini. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko kwenye hatari ya ajali mara nne hivi ya asiyeitumia. Kwa kilomita 90 kwa saa, macho yakienda kwenye simu kwa sekunde 5, gari limekwenda mita 125 bila dereva. Mwanao amekuwa akijifunza udereva kwako tangu akiwa kiti cha nyuma, miaka mingi kabla ya mwalimu wake.

Narudi kwako. Umeniuliza umwambieje baba aelewe kwamba si mtoto. Huwezi kumwambia. Unaweza kumwonyesha, na njia ninayoiona inaanza mahali pagumu: mweleze habari ya lori.

Ndiyo, mweleze. Chagua saa ambayo hana haraka. Usianze na leseni wala haki zako. Sema, "Baba, ulipokuwa umesafiri nilichukua gari bila ruhusa, usiku, nikiwa na wenzangu watatu, na nusura tufe. Nilidhani nilimudu. Nimeelewa kwamba sikumudu." Kisha nyamaza. Atakasirika. Pengine atazichukua funguo kwa muda, na ukubali bila ubishi, maana umevunja uaminifu wake na huo una gharama. Lakini mtu anayeweza kuleta mwenyewe habari isiyojulikana na mwingine yeyote, inayomuumiza yeye peke yake, huyo baba yoyote hawezi kumwita mtoto kwa muda mrefu. Na kuna sababu nyingine ya kumwambia. Siri hiyo ukikaa nayo itageuka kuwa hadithi ya ushujaa. Wenzako wameshaanza kuisimulia hivyo, nina hakika.

Hasira ikipoa, hata kama ni wiki mbili, mwombe muandike makubaliano. Karatasi moja inatosha. Masharti yabaki yale yale, ila kila moja liwe na mwisho wake. Mimi ningependekeza miezi sita ya kwanza usimbebe rafiki yeyote, halafu mmoja, na zaidi ya hapo msubiri mwaka utimie. Barabara kuu mwende pamoja mara nyingi, mchana kwanza, halafu siku ya mvua, maana lami iliyolowa huongeza sana masafa ya kusimama na hakuna anayeamini mpaka breki zimwambie. Mwendo nao mzungumze: ukizidisha mwendo mara mbili, masafa ya breki huongezeka mara nne, si mbili. Usiku ndio uchukue muda mrefu kuliko vyote. Tarehe ziandikwe. Na ukivunja sharti, tarehe isogezwe mbele, jambo nalo liandikwe ili asizue adhabu mpya kila siku.

Muweke pia ahadi mbili zisizo na tarehe. Kila aliyemo garini amefunga mkanda kabla gari halijaondoka, wa nyuma nao, wote, baba akiwamo. Na siku ukijikuta mahali usiku na mwenye gari amelewa au amechoka au anaendesha kama mwendawazimu, utampigia baba simu, yeye atakuja, na maswali yatasubiri asubuhi. Ahadi hii ya pili mwombe kwa msisitizo, kwa kuwa katika umri wako hatari kubwa haiko kwenye gari lako tu. Iko pia kwenye gari la yule rafiki yako anayekucheka kuhusu geti.

Yeye mwache acheke. Ajali za barabarani ndizo zinazoua watu wa miaka 5 hadi 29 kuliko ugonjwa wowote na kuliko sababu nyingine yoyote, duniani kote, na kwa kila mwanamke mmoja anayekufa barabarani wanakufa wanaume watatu hivi. Wamo wa umri wenu, na huenda baadhi yao walikuwa na mtu pembeni aliyekuwa anacheka. Akikupigia kelele siku yoyote uovateki, uwe na neno tayari kabla ya safari, kwa sababu wakati wenyewe hutalipata. "Nitasimamisha gari." Basi. Na ukilisema, usimamishe kweli mara ya kwanza. Hutalisema mara ya pili.

Halafu kuna mama. Nimelibakiza hili kwa sababu ndilo lililonifanya nikupende katika barua yako. Hata sheria nyingi za leseni za hatua huacha mlango kwa mwenye safari ya lazima, kazi au familia, na kubeba mtu mzima mtulivu si sawa na kubeba rika lako. Tafiti zinaonyesha hatari hupungua kijana akiwa na mtu mzima garini. Kwa hiyo usiku wa mama ndio shule yako. Siku tatu kwa wiki, saa 3 usiku, baba na wewe mwende kumchukua. Wewe usukanini, yeye pembeni, simu yake iko ndani ya sanduku la dashibodi na yako pia. Akuonyeshe ni wakati gani wa kushusha taa ili usimpofushe anayekuja, utazame wapi yeye akikupofusha, na nyuma ya lori ukae umbali gani. Mkiwa mnarudi, mama akae nyuma na mkanda wake, azungumze au asinzie apendavyo. Kwa miezi mitatu hiyo ni karibu safari arobaini za usiku. Baada ya hapo, baba mwenyewe ataanza kuona uchovu wa kuvaa viatu kila saa 3 kasoro, na siku moja atakurushia funguo akiwa amekaa kwenye kochi.

Nunua daftari dogo, uliweke garini. Andika tarehe, dakika mlizoendesha, kama kulikuwa na mvua, na jambo moja ulilojifunza. Ukifika saa ya hamsini, niandikie, uniambie umeandika nini kwenye ukurasa wa kwanza.

Mjomba